Wageni wa Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Manispaa inatafuta mtaa wenye mchanganyiko mkubwa wa watu. Mshindi atapata kibao cha shaba, na picha ya mwenyekiti itatundikwa ukumbini. Kila mdomo unamtaja shemeji, mume wa dada yangu, mwenyekiti wa mtaa wa bondeni. Kisa? Kwake kuna kila rangi na kila kabila. Huku kwangu juu sote ni kabila moja. Na nilijitahidi mwenyewe! Miaka tisa ya uenyekiti wangu nimewakataza wenye nyumba kupangisha wageni, hasa wale wa ng'ambo ya mto. Leo shemeji ndiye apigwe picha? Kwa wivu nimeimwaga chai yangu uani.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshuka bondeni kuazima wageni. Wa siku moja tu! Mhindi wa duka la vifaa vya umeme akauliza kama si mimi niliyemnyima mwanawe chumba. Nikasema yule ni pacha wangu. Mzungu wa karakana ya baiskeli alicheka mpaka akaketi chini. Aliyekubali ni fundi cherehani peke yake, mtu wa ng'ambo ya mto, kwa sharti kwamba mwaka mzima suruali zangu nishoneshe kwake. Dada anasema shemeji amesikia, na ameniruhusu nichukue hata kumi. Kiburi gani hicho!

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kuhesabiwa. Nilimkalisha fundi sebuleni, miguuni kandambili zangu, aonekane mwenyeji. Nilimkaririsha jina la mbwa na la jirani. Karani wa manispaa hakuuliza hayo. Aliuliza kila mtu alibembelezwa kwa lugha gani utotoni.

Nikajibu haraka kwamba ni lugha yetu. Mama, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akaniambia nisiidanganye serikali. Akaimba. Wimbo ule ule aliokuwa akinibembelezea! Maisha yangu yote nilidhani ni maneno ya kitoto yasiyo na maana. Fundi akaudaka ubeti wa pili. Wakaimba pamoja, fundi akifuta machozi kwa mkono wa shati.

Mama ni mtu wa ng'ambo ya mto. Marehemu baba alimtaka aifiche lugha yake, majirani wasije wakamsema. Miaka arobaini na minane! Nikauliza kwa nini mimi mwanawe hakuniambia. Akasema angeniambiaje, na kila siku ananisikia nikiwafukuza ndugu zake mlangoni. Nilikosa pa kuuweka uso.

Kisha nikamuuliza karani kama mimi nahesabiwa nusu. Akasema fomu haina nusu.

Jumapili, 9 Machi

Matokeo: bondeni lugha kumi na nne, sisi mbili. Shemeji anapigwa picha kesho. Kumbe dada alijua habari za mama tangu zamani, ila aliogopa mdomo wangu. Shemeji naye alijua! Mimi tu ndiye wa mwisho.

Na mama sasa anashinda bondeni kwa fundi, wanaongea lugha yao na kucheka mpaka jioni. Dada anasema hajawahi kumwona akicheka hivyo. Kwangu mbona hacheki? Nimeandika malalamiko manispaa: mama analala kwangu, basi na kicheko chake kihesabiwe huku juu. Yeye mwenyewe nimemsihi jambo dogo tu. Akipanda kurudi nyumbani, akifika kona ya kwanza, aongee kama sisi.