Jinsi Tarumbeta Alivyoushinda Mdomo Wake

Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mnaopita njia. Wekeni chini ndoo zenu, zimeni redio, na mwenye mtoto anayelia ampe titi, kwa maana ninayotaka kuyanena hapa si maneno ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wafalme walioteka miji wamekwisha kusimuliwa, na majabari waliong'oa milima kwa mikono nao wamesimuliwa hadi wamechakaa. Hao waacheni wapumzike. Mimi nasimulia vita vya kaka yangu, mwana wa mama yangu, ambaye dunia ya simu inamwita Tarumbeta, siku alipoingia katika jumba la televisheni kufanya jambo ambalo tangu azaliwe hakuwahi kulifanya wala majirani hawakulitegemea kwake: kunyamaza.

Ili mjue ukubwa wa jambo, yafaa kwanza mjue ukubwa wa mdomo.

Himaya ya Tarumbeta ilikuwa uani kwetu, kati ya kamba ya nguo na pipa la maji. Humo alitawala peke yake. Akijifunga kitambaa kichwani, ni mama. Akitupa taulo begani, ni mwenye nyumba aliyefuata kodi. Akivaa miwani isiyo na vioo, ni mwalimu. Akiigeuza kofia, ni mlevi anayemtafuta mkewe nyumba isiyo yake. Alikuwa akigomba upande huu, kisha huruka upande wa pili akajijibu, kisha hurudi akajizaba kibao na kulia kwa uchungu. Mgomvi yeye, mgombanishi yeye, na anayekuja kuamua ugomvi naye ni yeye. Mimi nilikuwa mkono unaoshika simu, na mkono ukitikisika kwa kucheka, lawama zangu.

Watu walimpenda, msiniulize wangapi. Walimtumia vicheko kutoka miji ambayo hatutafika. Aliyekosa kucheka ni mama yetu, chemchemi ya vichekesho vyote vile, aliyechotwa kila siku bila kuombwa ruhusa. Mama ni fundi cherehani, na ilifika mahali wateja wakija kuchukua nguo wanamwomba awagombeze kidogo kwanza.

Basi ndipo ulipokuja mwito. Watu wa televisheni walikuwa na tamthilia, na katika tamthilia mlikuwa na mama, na mama alikuwa na mwana, na mwana huyo hakuwa amepatikana. Tarumbeta akasimama mlangoni, shati limepigwa pasi hadi linang'aa, akanena:

"Ewe mama uliyenibeba! Leo simba wako anatoka pangoni. Nyota inakwenda kukaa angani kwake. Nipe baraka, nami nitarudi nimebeba jina la ukoo huu juu ya—"

"Umeoga?" mama akauliza, sindano mdomoni.

"Mama, nazungumza habari za nyota."

"Nyota nayo inanuka kwapa. Kaoge. Na unisikilize, mwanangu, maana sirudii. Mjomba wako amesema gereji kuna nafasi, na ovaroli amekwisha kukutafutia. Ukiipata kazi hiyo ya televisheni, nitakuombea dua. Ukirudishwa, kesho asubuhi uko chini ya gari, na uani kwangu hakuna mtu kuvaa kitambaa changu tena. Nimechoka kuchekwa na watu ambao hata suruali hawajaleta."

Hivyo ndivyo mizani ilivyowekwa: upande mmoja televisheni, upande wa pili matairi ya mjomba. Tukaondoka. Nilikwenda naye kumbebea mfuko, kwani shujaa habebi mfuko.

Uwanja wa vita ulikuwa sebule. Lakini sebule gani! Kuta tatu tu. Ya nne haikujengwa, na mahali pake zilikaa kamera mbili na jeshi la watu waliovaa kandambili. Dirisha lake lilitazama ubao. Saa ya ukutani haikuwa na mashine ndani. Juu zilining'inia taa kali kama za kukaushia samaki, na kijana mmoja alinyanyua fimbo ndefu yenye maiki ya manyoya mwishoni, kama aliyemkamata paka juu ya paa akakosa pa kumshushia.

Katikati, kwenye kochi, aliketi Malkia wa Machozi, yule bibi ambaye amelia kwenye televisheni tangu sisi hatujaota meno. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa tajiri mwenye hereni. Kuanzia kiunoni kwenda chini, ambako kamera haifiki, alikuwa na miguu yake kwenye beseni la maji ya moto.

Na pembeni, Mungu ametupa macho ili tuone, aliketi kijana mwingine. Meno meupe, mabega mapana, ameshika karatasi ya maneno ileile aliyopewa kaka yangu. Huyo ndiye wa akiba.

Mwongozaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya msumeno, akaeleza kazi. "Ni rahisi. Mama anakuambia nyumba ameiuza. Anaongea, wewe unamsikiliza. Akimaliza unasema, 'Sawa, mama.' Basi. Umeshika?"

"Nimeyashika yote," akajibu Tarumbeta, na hapo ndipo balaa lilipokuwa limejificha. Kwa maana alikuwa ameyashika yote kweli, yake na ya bibi, kama alivyozoea kufanya kazi.

"Anza!"

Malkia akainua uso. Chozi likaja lenyewe, kama mbwa aliyeitwa jina. "Mwanangu," akasema.

Ewe mdomo wa Tarumbeta, ni nani aliyekutia pepo? Kaka yangu aliruka! Alipaa kama kunguru aliyeona ngozi ya kuku, akakwapua kitambaa cha kochi, akajitupia kichwani, akatua upande wa mama, ambako mama mwenyewe alikuwa amekaa. Alimkalia. Akiwa hapo juu ya mapaja ya malkia, akanguruma kwa sauti ya mama yetu: "Nyumba nimeiuza! Na wewe nikipata mteja nakuuza!"

Beseni likapinduka. Paka wa manyoya akadondoka.

"Kata!" ukalia msumeno. "Wewe kijana, unafanya nini?"

"Samahani, kiongozi. Nilifika zamu yake, nikaenda."

"Zamu yake anafika yeye!"

Malkia wa Machozi akajipangusa. "Mwanangu," akasema, "mimi nimekuja na mdomo wangu mwenyewe kutoka nyumbani. Usinibebee. Na magoti haya ni ya zamani kuliko wewe."

Maji yakapigwa deki, beseni likajazwa mengine, wakaanza tena. Mara hii Tarumbeta alijishikilia kiti kwa mikono miwili kama mtu aliye juu ya punda mkorofi. Matako hayakuinuka, nami nikashukuru mapema. Lakini midomo! Kila neno la bibi lilitembea kwenye midomo yake, bila sauti, naye akimtangulia kidogo, kama imamu na maamuma waliobadilishana safu.

"Kata! Anamsomea!" akapiga kelele mwenye kamera. "Bibi anaongea, huyu anatafuna!"

Mwongozaji akavua kofia, akaivaa tena. "Nakupa mara moja. Ukiharibu, unavua shati la tamthilia, analivaa yule."

Kijana wa akiba akafungua kishikizo cha juu. Jamani, watu wana haraka.

Kaka yangu akanitazama. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anaogopa. Hakuwa na hotuba. Nami sikuwa na la kumwambia, maana mkono unaoshika simu haujui kusema. Nikamkunjia ngumi tu kutoka kwenye giza.

"Anza!"

"Mwanangu," akasema bibi, "nyumba nimeiuza."

Ulimi wa Tarumbeta ukainuka kambini. Niliuona kwa nje, kwenye shavu, ukipita kushoto ukipita kulia, ukitafuta mlango usio na mlinzi. Ukagonga meno, meno yakakaza. Midomo ikatetemeka kama mahema kwenye upepo. Mikono ikakitafuta kitambaa, ikajikumbuka, ikarudi mapajani. Mshipa ukasimama shingoni. Maneno ya bibi yalikuwa yamepangwa ndani ya kichwa chake yakingoja, na ya kwanza yalikwisha kufika mlangoni.

Kumbe yule bibi ameona mengi. Akayaacha maneno ya karatasi, akasema yake.

"Sikukuuliza," akasema, "kwa sababu kila nikifungua mdomo, unaongea wewe. Nimekaa na wewe miaka yote hii, hujui hata sauti yangu."

Likawa halimo kwenye karatasi! Jeshi la Tarumbeta likafika uwanjani likakuta adui kahama. Hakuwa na la kumsomea. Nikaona uso wake ukilegea kidogo kidogo, mdomo ukafunga wenyewe bila kulazimishwa, na macho yakamtazama bibi kama mtu anayesubiri kujua mwenzake atasema nini. Sikuwahi kuona macho hayo. Bibi akanyamaza. Yeye akanyamaza. Aliyeshika fimbo akanyamaza, na hata maji ndani ya beseni yakatulia.

"Sawa, mama," akasema kaka yangu, taratibu, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu mwingine yeyote.

"Kata," akasema mwongozaji. "Imepita." Kisha, akiandika kwenye karatasi zake: "Wiki ijayo uje tena. Unanyamaza vizuri."

Kijana wa akiba akafunga kishikizo.

Siku ya kuonyeshwa, sebule yetu ilijaa hadi mlangoni, mjomba akiwa mbele na ovaroli kwenye mfuko, kwa tahadhari. Tamthilia ikaanza. Akatokea Malkia wa Machozi, uso umejaa kioo kizima, na chini pembeni, kwa ukungu, kitu cha mviringo.

"Mpwa wangu yuko wapi?" akauliza mjomba.

"Huyo hapo," nikamwonyesha. "Hicho ni kisogo chake."

"Kisogo? Watu wote hawa tumekuja kuangalia kisogo? Mbona haongei? Televisheni imeharibika nini, ongeza sauti!"

"Tarumbeta, sema kitu!" jirani akaipigia kelele televisheni. Vicheko vikalipuka kila kona. Kaka yangu akajikunyata kwenye mkeka, mikono kichwani.

Ndipo mama yetu, fundi wa vitambaa na mkali wa sindano, aliposimama katikati ya umati, mkono kiunoni, akawakemea kwa sauti ambayo kaka yangu ameiiga miaka yote na hajawahi kuifikia:

"Nyamazeni nyote! Hamuoni mwanangu ananyamaza?"

Nyumba nzima ikanyamaza pamoja naye. Na iandikwe hivyo katika habari za watu wakubwa: kwamba kisogo kilipita, kikakaa kimya, na mama yake alikiangalia hadi mwisho.