Fundi Randa na Kitanda Kilichoagizwa kwa Kiingereza

Enyi mlioketi na mliosimama, wekeni simu chini kidogo, maana nawasimulia vita alivyopigana Fundi Randa, simba wa mbao, mnyoosha mihimili, bwana wa misumari isiyopinda, siku alipokutana uso kwa uso na kitenzi cha Kiingereza.

Mkewe, mhudumu wa mapokezi katika zahanati, alikuwa amejiunga na darasa la jioni, na mwalimu wake aliamuru lugha hiyo isemwe hadi majumbani. Nyumba ikawa chini ya utawala mpya. Chumvi iliombwa kwa Kiingereza, na asiyejua kuiomba alikula mboga hivyo hivyo. Fundi hakukubali kutawaliwa bila silaha. Alijiokotea vitenzi kwenye maboksi ya vifaa vyake, na alichokiamini kuliko vyote kilikuwa make: kutengeneza.

Basi asubuhi moja mke alikwenda kituoni kumpokea mama yake, na kutoka huko akatuma ujumbe: Make the bed. Mother is coming.

Shujaa aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena akiwa ameketi. Mama mkwe huyo, tangu siku ya posa, hakuwahi kumsifia kwa lolote. Sasa kitanda kimeagizwa, na aliyeagizwa ni yeye.

Hapo msumeno ukanguruma, randa ikatema maranda, matendegu manne yakasimama sebuleni kama walinzi wa mfalme. Basi la mkwe lilichelewa, na kila saa liliyochelewa shujaa aliigeuza kuwa msasa na gundi. Chumbani, kitanda cha zamani kilibaki kilivyoachwa alfajiri, shuka imejiviringisha miguuni, mto sakafuni, naye akakipita kwenda na kurudi bila kukitupia jicho.

Jioni mlango ukafunguliwa. Mke akaangalia sebule, akaangalia chumbani.

"Mume wangu," alisema, akiusahau utawala wake wote, "nilikwambia utandike kitanda."

Fundi akasimama wima, unga wa mbao ukimdondoka kwenye nyusi, akahutubu: "Mke wangu, neno hilo make nami tunafahamiana. Redio imetengenezwa, viatu vyako vimetengenezwa, nyundo hii imetengenezwa. Iweje kitanda peke yake kitengenezwe kwa shuka?"

Mke akaeleza kwamba kwa wenye lugha yao kitanda hutengenezwa kila asubuhi, hata kama seremala wake alishazikwa. Sababu? Mwalimu aliulizwa sababu, akasema ndivyo Kiingereza kilivyo, tufungue ukurasa unaofuata.

Wakati majemadari hao wakibishana, mama mkwe, aliyechoshwa na safari, alikikalia kitanda kipya, akajisukuma huku na huku kwa uzito wake wote.

"Hakilii," akasema. "Changu nyumbani kinalia nikikohoa tu. Baba, niletee mto."

Baba! Shujaa alikwenda chumbani akiwa mrefu kuliko alivyokuwa. Aliokota mto, akaupeleka, kisha akarudi kukikabili kile cha zamani. Shuka ilipigana. Alipoifunga kona hii, ile ikafyatuka. Alipoirukia ile, ya tatu ikaasi, hadi alipolala kifudifudi juu ya godoro, mikono na miguu imetanuka, zote nne zikasalimu amri.

Na iandikwe, nyie mnaoandika, kwamba siku hiyo mtu mmoja, kwa amri moja na kitenzi kimoja, alitengeneza kitanda mara mbili, na mara zote mbili alikuwa sahihi.