Punda Milia, Dubu na Nyongeza ya Doña Leocadia

Jumatatu, 3 Juni

Yupo tena. Rufino! Mtu mzima, mvi kama zangu, magoti mabovu kuliko yangu, lakini kila asubuhi anavaa vazi la punda milia na kusimama kwenye kivuko cha barabara kuu kuwavusha watu. Eti ni kazi ya manispaa. Mimi natembeza wageni wa nyumba ya kulala wageni ya Doña Leocadia tangu enzi za ramani za karatasi. Leo wageni wangu wote wameniacha na mwavuli wangu hewani, wakaenda kumkumbatia yeye. Wamepiga picha. Bi Ingrid, yule mwalimu mstaafu, amempapasa mkia!

Doña Leocadia ameona yote kutoka dirishani. Amesema msimu huu anataka mtu mmoja tu wa kutembea na wageni wake, na Jumapili atamtaja: yule anayewarudisha nyumbani na simu zao, pochi zao na miguu yao. Nikamuuliza kama ananitania. Akasema, "Don Hermógenes, wewe mtu mzuri sana, ila juzi umempoteza Mholanzi." Sikumpoteza. Alipotea mwenyewe.

Kisha akamwita Rufino ndani, akatumiminia api, ule uji wetu wa mahindi ya zambarau, wa moto. Kikombe changu kilijaa. Cha Rufino kilijaa, akanywa nusu, akaongezewa. Nyongeza! Hapa La Paz mtu haongezewi hivihivi. Anayekupa nyongeza amekuweka moyoni. Nami nikanyoosha kikombe. Akakipokea, akaenda kukiosha.

Jumanne, 4 Juni

Nimelala vibaya, nimeamka na akili. Punda milia anajua barabara tu. Nani atawalinda wageni na matapeli? Mimi!

Baada ya kifungua kinywa nikawapa somo. Teksi wapande ile iliyoitwa kwa simu tu. Akitokea askari asiye na sare anadai pasipoti barabarani, wasimpe, wala wasiingie naye garini. Wakirushiwa haradali begani na mtu mwema akaja mbio kuwafuta, washike mikoba, waingie duka lililo karibu. Na kubwa kuliko yote: wasimfuate mtu wasiyemjua anayesema ametumwa na nyumba ya wageni, hata awe na kitambulisho, hata awe na tabasamu. Huyo wampigie kelele.

Walisikiliza wametoa macho. Bi Ingrid aliniomba nirudie hapo pa kelele.

Matokeo: hakuna aliyetoka. Kutwa nzima wamekaa uani na mabegi vifuani kama akina mama wanaonyonyesha. Doña Leocadia ikabidi awapikie chakula cha mchana, jambo asilolipenda hata kidogo. Ameniuliza nimewalisha nini watoto wa watu. Nikasema tahadhari. Akasema basi na viazi vya leo avipike huyo tahadhari.

Ndipo akatokea Rufino, eti anasalimia tu. Akawachezea ngoma ya kwato mpaka wakacheka, wakatoka naye hadi sokoni. Wakarudi wote, na simu zao, na miguu yao. Akapewa nyongeza.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeijua siri yake. Si wema. Ni manyoya! Mtu akivaa mnyama, wageni wanamwamini.

Shemeji yangu Anacleto hucheza dubu kwenye sherehe za mtaa. Vazi lake liko kabatini: jeupe, kubwa, macho ya vioo. Nikamwomba. Akauliza la nini, shemeji, kanivali si imepita? Nikamwambia ni la usalama. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema sawa, ila nisilitie jasho.

Dubu ni mkubwa kuliko punda milia. Kama wamewahi kupigana sijui, ila mimi niko upande wa dubu.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa haiwezekani.

Mpango ulikuwa rahisi. Wageni watoke, wamkute dubu mlangoni, wafurahi. Wakatoka. Nikanyoosha mikono. Kichwa kile kinaziba sauti, hivyo maneno yangu yalitoka kama mngurumo: nimetumwa na Doña Leocadia, nifuateni. Nikaonyesha kitambulisho.

Wanafunzi bora kama hawa sijapata! Wakashika mikoba wote kwa pamoja. Wakarudi nyuma, wakaingia duka la viazi. Na Bi Ingrid akapiga kelele. Wageni wengine mji huu wa juu milimani unawanyima pumzi hata za kupanda ngazi. Yeye sijui za kwake amezihifadhi wapi.

Soko zima likasimama. Mama mmoja wa viazi akauliza tangu lini wezi wanavaa manyoya. Mwenzake akajibu, "Tangu leo! Mkamate mkia!" Vazi halina mkia. Wakachukua mafagio.

Nikashuka mteremko mbio, mapafu yakiomba kuacha kazi, macho ya vioo yakionyesha ukungu mtupu, mpaka nikajikuta katikati ya barabara kuu, honi zikilia kila upande.

Ukwato ukanishika mkono.

Akasimamisha magari yote. Akanivusha polepole kama bibi harusi. Watu wakapiga makofi. Ng'ambo akaninong'oneza, "Don Hermo, viatu vyako navijua. Pita nyuma ya kanisa, hawatakuona."

Amenificha! Mtu huyu hana aibu kabisa. Hata kuniaibisha amekataa.

Jumapili, 9 Juni

Maajabu! Wageni wamemwambia Doña Leocadia kwamba bila masomo ya Don Hermógenes wangeibiwa na dubu. Bi Ingrid amenikumbatia kwa machozi. Nikagugumia, kwa sababu ya mgongo. Akadhani ni unyenyekevu. Kazi ni yangu! Msimu mzima! Rufino alipiga makofi kuliko wote, akanikonyeza.

Nikanyoosha kikombe. Doña Leocadia akanipita na birika lake, akaenda kwa Rufino. Eti mtu aliyemshika dubu mwizi kwa mkono mtupu lazima aongezewe. Akamwongezea. Akamwongezea tena!

Nimepitia kwa Anacleto kurudisha vazi. Limechanika, hanisemeshi. Lakini kabati lilikuwa wazi, na ndani, nyuma ya makoti, nimeona vazi la kondori, yule ndege mkubwa wa milima yetu. Mabawa kamili, mdomo na yote.

Bi Ingrid na wenzake wapo hadi Jumatano. Kwa sasa wanaogopa dubu tu. Kuhusu kondori sijawaambia neno.