Wiki ya Kumgombea Mkurugenzi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Dufu. Ndivyo mlango wa buti ulivyofungwa siku nilipopelekwa shule ya bweni, nikiwa na miaka kumi na miwili. Si kishindo, si mlio wa bati. Dufu, kama kitabu kinene kinachofungwa na mtu mwenye adabu. Sanduku langu lilikuwa ndani, godoro langu lilikuwa ndani, na mimi mwenyewe nilikuwa ndani, kwenye kile kiti cha watoto kinachokunjuka kutoka sakafu ya buti na kutazama nyuma. Nililia mpaka kwenye lango la shule. Shangazi alikuwa kwenye usukani na hakugeuka hata mara moja, ila kila nilipozidisha kilio alipunguza mwendo.

Nimeikumbuka sauti hiyo kwa sababu daktari wa macho amemkataza Shangazi kuendesha. Jana, baada ya chakula, akatangaza kwamba Jumapili ijayo atakabidhi ufunguo wa Mkurugenzi kwa mmoja wa watoto wa kaka zake wawili: mimi au binamu yangu Injinia. Utakwenda kwa yule ambaye gari litamfaa zaidi.

Mkurugenzi ni gari. Stesheni wagoni refu la rangi ya fedha, umri wake karibu sawa na wangu, silinda sita, viti vya ngozi, ubao halisi kwenye dashibodi. Lilikuwa la mkurugenzi wa kampuni ambako Shangazi alikuwa katibu muhtasi. Bosi huyo alipoletewa jipya, Shangazi akalinunua la zamani. Husema amehudumia wakurugenzi wanne, na huyu wa magurudumu ndiye pekee aliyefika kazini kwa wakati.

Injinia si injinia. Anauza vigae. Utotoni alitengeneza pasi, jina likamganda.

Sheria za wiki hii: yeye ana gari Jumanne na Alhamisi, mimi Jumatano na Ijumaa. Kila safari iandikwe kwenye daftari la Mkurugenzi, kama ilivyokuwa siku zote: tarehe, mzigo, abiria, sababu. Daftari halifutwi. Kwa Shangazi, kilichoandikwa ndicho kilichofanyika.

Tatizo langu ni moja. Ninaishi chumba kimoja, dakika kumi kwa miguu kutoka shirika la vitabu ninakosahihisha chapa. Sihitaji gari.

Mkakati: nitahitaji.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku ya Injinia. Nilipita kwa Shangazi jioni, eti kumjulia hali. Nikachungulia daftari. Injinia ameandika: "Kliniki, na mke. Shule, watoto wawili. Soko." Basi. Hana ufundi wa lugha hata kidogo.

Mkewe ni mjamzito, zimebaki wiki tatu. Gari lao lina milango miwili na yeye hukaa humo magoti yakigusa kidevu. Naliona jambo hilo kuwa hila. Mtu hatakiwi kuleta mjamzito kwenye mashindano.

Tena Injinia alimwambia Shangazi kwamba Mkurugenzi anakunywa petroli kama aliyefunguliwa bomba, na kwamba paa la kioo linavuja. Shangazi akamjibu kwamba hata yeye anavuja siku hizi na hakuna aliyemrudisha dukani. Nilimbusu shavuni kwa jibu hilo. Akaniuliza nimefanya kosa gani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku kuu.

Shirika lilikuwa na maboksi arobaini na sita ya kitabu cha jiografia kwenye kiwanda cha chapa, na lori letu liko kwa fundi. Nikajitolea. Meneja wa ghala akanitazama kuanzia viatu hadi miwani, akauliza kama nitayabeba kichwani. Nikamwonyesha Mkurugenzi.

Viti vya nyuma vikalala bapa. Maboksi yakaingia moja baada ya jingine kama waumini wenye nidhamu. Arobaini na sita! Meneja akaacha kutania akaanza kuhesabu. Nyuma ya gari kukainama, makalio karibu yaguse lami, wapakiaji wakaanza kucheka. Nikawasha injini. Mkurugenzi akavuta pumzi, na taratibu, bila kuombwa, akajiinua nyuma mpaka akawa sawasawa. Shokapu zake zina pampu; zinajua uzito. Mpakiaji mmoja akasema kitu hicho kina heshima kuliko shemeji yake, ambaye haamki hata mgeni akija.

Kwenye mlima wa hospitali nilikanyaga mafuta. Silinda sita zikanong'ona tu. Nikampita mtu kwenye gari jipya linalong'aa kama kijiko. Alikuwa peke yake, hana hata boksi moja. Mimi nilikuwa na mito yote, milima yote na maziwa yote ya dunia, mara nakala elfu mbili.

Niliposimama getini niliegemeza kichwa kwenye usukani na kushukuru. Simjui aliyekaa kwenye meza ya michoro akafikiri kwamba gari la bosi linaweza pia kuwa punda. Popote alipo, Mungu amzidishie.

Nikaandika kwenye daftari ukurasa mmoja na nusu. Utamu ukanizidi. Nikaona ni busara nijaze na ya Ijumaa kabisa, maana Ijumaa nitakuwa na shughuli: "Meza mbili za ofisi. Mgonjwa mmoja kupelekwa hospitali." Hakuna mgonjwa. Lakini mgonjwa huleta huruma.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Shangazi kapiga simu kazini. Amesoma daftari kwa ile lenzi yake kubwa. Akaniuliza kwa upole mgonjwa wa kesho anaendeleaje, na kama ameshaambiwa kwamba ataugua.

Nikasema mimi ni mtu wa kupanga mapema. Akasema vizuri sana, mwanangu, ndivyo alivyonifundisha. Basi kwa kuwa daftari halifutwi, kesho apate meza mbili na mgonjwa mmoja. Kilichoandikwa kifanyike. Kisipofanyika, ufunguo aukabidhi kwa Injinia bila kungoja Jumapili.

Nikamwambia asante. Ndilo neno pekee lililokuwa karibu na mdomo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Meza zilikuwa rahisi. Nilipakia yangu na ya mwenzangu wa dirishani, kwa maelezo kwamba zinapelekwa kunyooshwa miguu. Moja ndani, moja kwenye reli za paa. Mwenzangu akabaki anasahihisha fizikia akiwa amesimama.

Mgonjwa hakupatikana. Mlinzi alikuwa na jino bovu wiki nzima. Aliponiona na ufunguo mkononi, jino likapona. Mhasibu akasema ana presha lakini hapendi kuiudhi. Mpishi wa kantini akaniambia, dada, watu huombea uzima, wewe unazunguka kuombea nini?

Saa saba na nusu simu ikalia. Injinia. Mkewe ameanza uchungu, mapema. Yeye yuko ng'ambo ya mji na shehena ya vigae, lile gari la milango miwili limegoma njiani, watoto wako nyumbani na mama yao. Je, ninaweza?

Nitaandika ukweli, maana daftari hili ni langu, si la Mkurugenzi: nilisema "asante" kabla ya kusema "pole."

Nilimkuta wifi yangu ameshika fremu ya mlango. Nikaishusha meza ya ndani barazani. Watoto wawili nikawafunga mikanda kwenye viti vya buti, wakitazama nyuma. Wakaanza kuwapungia madereva mikono kana kwamba ni harusi. Yeye nikamlaza kiti cha nyuma, na akaweza kunyoosha miguu yote, mpaka vidole. Akasema ni mara ya kwanza kuinyoosha ndani ya gari tangu aolewe. Meza moja bado juu ya paa.

Sikuendesha. Mkurugenzi aliendesha, mimi nilishika tu usukani. Mashimo ya barabara ya soko aliyameza kimya. Kwenye mlima wa hospitali nilisikia wifi anapumua kwa meno, nikakanyaga, na tukapanda kama tunavutwa kwa kamba. Aliniuliza mbona tunakwenda polepole. Nikatazama geji. Tulikuwa kwenye mia na kumi.

Nilikuwa nimekwisha kusahau Jumapili. Nilikuwa naogopa. Nikamwomba Mungu na gari kwa sentensi moja.

Mtoto alizaliwa dakika ishirini baada ya sisi kufika. Wa kike. Injinia akafika na vumbi la vigae mpaka kwenye nyusi, akanikumbatia, akaniacha mweupe.

Shangazi akasomewa safari ya leo kwa simu. Meza mbili, sawa. Mgonjwa mmoja, sawa, ingawa sasa ni wawili. Akakohoa. Nadhani alikuwa analia, lakini yeye huita kukohoa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nilijiandaa na hotuba. Kurasa tano, nimezisahihisha mara tatu. Injinia hakuwa na kitu, alikuwa na mtoto begani.

Nikasimama sebuleni kwa Shangazi. Nikaeleza viti viwili vya buti, vinavyofaa watoto wa shule. Nikaeleza nafasi ya miguu nyuma, nikamtaja wifi kama shahidi. Nikaeleza shokapu zinazojiinua, kwamba familia ikae, kitanda cha mtoto kiingie, mizigo ya soko ijae, na bado gari litasimama wima kama askari. Nikaeleza utulivu wa injini, kwamba mtoto mchanga hataamka. Nikaeleza mlango wa buti unaofunguka juu na kuwa kivuli, mama aweze kubadilisha nepi bila kupigwa jua. Watu wakawa wanaitikia kwa vichwa. Wifi akafuta macho. Nikanogewa, nikaongeza mfano wa mapacha.

Shangazi akasema katika maisha yake ya ofisi hajawahi kusikia mtu akitetewa vizuri namna hii. Kisha akampa Injinia ufunguo.

Nilikaa. Nilikuwa bado nimeshika ukurasa wa tano, unaohusu mimi.

Ajabu ni kwamba sikuumia kama nilivyotarajia. Shangazi alinishika mkono chini ya meza na hakuuachia mpaka sahani zilipoondolewa. Ndiye aliyenisomesha. Ndiye aliyepunguza mwendo kila nilipolia. Na Injinia alitangaza mbele ya wote kwamba mtoto atapewa jina langu. Nimepata zaidi ya nilichostahili, hasa ukikumbuka mlinzi na jino lake.

Nitalala vizuri.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimelifikiria jambo lote kwa utulivu, kama msomi.

Wifi ametoka kujifungua. Ana watoto watatu na mikono miwili. Injinia yuko kwenye vigae tangu asubuhi. Mtoto mchanga atahitaji kliniki, chanjo, kupimwa uzito. Wakubwa watahitaji shule. Nani atawaendesha? Wifi hajui kuendesha. Mimi ninajua. Tena kwao kuna chumba cha uani kisichotumika, dirisha lake linatazama mahali gari linapolala.

Nilimwambia wifi kwamba nimeguswa na mahitaji yake, na kwamba niko tayari kuhamia kile chumba. Alinishika mashavu yote mawili akasema hakujua kwamba nina moyo wa namna hii. Hata mimi sikujua. Injinia akauliza kama ninapenda watoto. Nikasema sana. Yule mkubwa alikuwa ananitafunia kalamu.

Kwao ni saa nzima kutoka kazini. Sitajali, njiani kuna milima miwili.

Chumba changu nilikirudisha jana saa nne asubuhi. Mwenye nyumba amepokea funguo zote mbili, na kufikia mchana alikuwa ameshampangisha mwalimu wa hesabu.