Malalamiko Kuhusu Ramani ya Pembe Sita na Kifo cha Ngao

Kwa Dada Mkubwa, mwenye nyumba na mwenye meza ya Jumamosi,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote. Mimi mdogo wako, fundi vigae, mwili haujambo, moyo usiuulize.

Nakuandikia kumshtaki mumeo. Kwa miaka mitatu Shemeji ametuongoza vizuri kwenye mchezo wetu wa hadithi: yeye anasimulia, sisi tunarusha dadu na kusogeza watu wetu juu ya ramani ya miraba. Mwezi huu, bila kikao chochote, kaleta ramani ya vyumba vya pembe sita, kama sega la nyuki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukuta wa ngome umenyooka, vyumba havijanyooka, kwa hiyo kila ukutani kuna nusu chumba. Shujaa wangu, Ngao, aliambiwa asimame kwenye nusu. Mwaka wa ishirini huu nakata vigae. Nusu naificha nyuma ya mlango, simsimamishi mtu mzima juu yake.

2. Ngao akitaka kwenda mashariki moja kwa moja, lazima apinde kushoto, kulia, kushoto tena. Hajawahi kuonja pombe tangu nimbuni, na meza nzima ilimcheka.

3. Binti yako, anayecheza mganga, sasa anachora nyumba za pembe sita. Juzi kaniuliza kitanda kitakaa wapi. Mjomba mzima nikatoa futi, nikaanza kupima karatasi.

4. Mteja kaniomba vigae vya pembe sita bafuni. Nilimkatalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

5. Jumamosi iliyopita, langoni mwa ngome, mazimwi sita walimzingira Ngao, mmoja kila upande, wengine wakingoja zamu nyuma. Akafa. Shemeji alimwondoa mezani kwa vidole viwili, akaendelea kutafuna karanga. Nililia, Dada. Niliwaambia ni vumbi la saruji.

Naomba miraba irudi, pambano lirudiwe, na Shemeji aniombe radhi mbele ya wachezaji wote. La sivyo sikanyagi tena hapo, isipokuwa siku nitakayokuja kung'oa vigae vya veranda yako, nilivyovipanga kwa upendo.

Nisalimie Mama, watoto, jirani wa ghorofani anayecheza mchawi, na hata Shemeji, ila yeye kwa kifupi.

Mdogo wako mwenye majonzi,
Fundi

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mke wangu kanitaka nithibitishe kwamba kwenye miraba Ngao angepona. Tumerudia pambano kwenye sakafu yetu ya jikoni, vigae vya mraba, vifungo vya shati vikawa mazimwi. Kumbe mraba mmoja unazungukwa na minane, ukihesabu ya kwenye kona. Mazimwi wanane! Ngao kafa raundi ya pili. Kwenye ramani ya Shemeji alisimama hadi ya tano, na ni katika raundi hizo tatu za ziada ndipo mganga wa binti yako alipopenya langoni akaokoka. Basi mwambie Shemeji pambano lisirudiwe. Ngao abaki amekufa, na Jumamosi niwekeeni kiti karibu na mtoto.