Vita vya Mshona Magodoro na Usingizi wa Jumapili

Sogeeni, enyi nyote mliowahi kusinzia mbele ya watu kisha mkaamka mkiapa kwamba mlikuwa mmefumba macho tu! Sogeeni nanyi wake na waume mnaogombania rimoti moja na blanketi moja! Epueni sufuria, zimeni simu, kwa maana ninayokuja kuwasimulia si habari ya kupita njia. Nasimulia vita. Nasimulia jinsi Mshona Magodoro, simba wa pamba, jemadari wa sponji, mtu aliyewalaza nusu ya wakazi wa mji na asidai sifa, alivyopambana na Usingizi mchana kweupe, juu ya kochi lake mwenyewe, mbele ya mkewe na shemeji yake. Wapo watakaosema natia chumvi. Hao waendelee kupika, sisi tutaanza bila wao.

Shujaa huyu alikuwa na mke, na mke huyo ni Mpima Macho, bibi wa miwani na mwanga, ambaye tangu asubuhi hadi jioni hukaa katika chumba chenye giza akiwauliza watu, "Hii au hii? Ipi inaonekana vizuri?" na ambaye hakuna kope iliyowahi kumdanganya. Mume alijidamka kwenda karakana kabla mke hajaamka. Mke alirudi kutoka kliniki amechoka hasemeki, akamkuta mume amekwisha lala na sahani imefunikwa mezani. Wiki nzima walipishana hivyo. Siku yao ilikuwa moja tu, Jumapili baada ya chakula cha mchana, na siku hiyo waliitenga kwa kitu kimoja, nacho ni tamthilia ile ndefu ya majoka na mataji, waliyoanza kuitazama mwaka wa ndoa yao, wakaimaliza, wakairudia, na baadaye wakairudia tena.

Niseme ukweli, aliyeirudia ni mke. Mume alikuwepo. Alivijua vita vyote, aliwajua farasi kwa majina, lakini katikati ya tamthilia hiyo palikuwa na shimo ambalo hakuwahi kulivuka: sehemu iitwayo Kurudi kwa Malkia, ambayo mkewe aliipenda kuliko zote. Kila walipoifikia, shujaa aliyaona malango ya ngome yakifunguliwa, halafu akayaona majina ya waigizaji yakipanda juu. Yaliyotokea kati ya malango na majina, hakuyajua kamwe.

Basi ikafika Jumapili ninayoisimulia, na nyumbani kwao akawapo mgeni, mdogo wake mke, shemeji mwenye ulimi ulionolewa kwenye jiwe, aliyekuja na pakiti ya karata mkobani. Hazikuwa karata za kuchezea. Zilikuwa zile za kupigia ramli, ndefu kuliko kiganja, zenye picha, na ndani yake limo baraza zima la watawala: mzungu wa nne, ndiye mfalme, na bibi, na mpanda farasi, na ghulamu, kila mmoja kwa kopa, shupaza, uru na pau. Ila humo kopa ni vikombe hasa, na shupaza ni panga zenye makali. Shemeji aliamini kwamba kila binadamu anayepumua ana karata yake barazani, na kwamba yeye amepewa kipaji cha kuitambua kwa kumtazama mtu anavyokula.

"Dada ni Bibi wa Uru," alisema, akiiweka karata mbele ya televisheni. "Mtulivu, anaangalia kitu mpaka akijue. Mimi ni Bibi wa Shupaza, na msinibishie. Malkia wa kwenye tamthilia ni Mpanda Farasi wa Pau, hatulii huyo. Sasa wewe, shemeji..."

Shujaa alijikohoza, akatoa kifua, akatazama mbali ingawa mbali palikuwa na friji tu.

"Nena, ewe mfumbuzi wa siri!" akanguruma. "Tamka bila hofu kwamba mbele yako ameketi Mzungu wa Nne wa Shupaza, mwenye upanga usiopinda na neno lisilorudi, mbele yake maadui..."

"Ghulamu wa Kopa."

"Wa kopo?"

"Wa kopa. Ila hata jina la kopo linakufaa." Akamwonyesha. Alikuwa kijana aliyevaa nguo za maua maua, kashika kikombe, na ndani ya kikombe samaki katoa kichwa anamtazama. "Moyo laini, kuota ota mchana, maneno mengi. Sawasawa na yule mume wa malkia, asiyejua hata kushika upanga. Nyie wawili karata moja."

Hapo, enyi wasikilizaji, damu ilimchemka. Kwa maana kama kulikuwa na mtu mmoja katika falme zote zile ambaye Mshona Magodoro alimdharau, ni huyo mume wa malkia, mwanamume wa kubaki ngomeni wakati mkewe anapigana na majoka. Alifungua kinywa ili atoe hotuba ya kujitetea, yenye sehemu kadhaa. Lakini mkewe, aliyekuwa akicheka mpaka anashika mbavu, aliacha kucheka.

"Mume wangu," alisema, "leo ni ile sehemu."

"Naijua."

"Huijui. Hujawahi kuiona." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotisha. "Msimu mpya unaanza Jumapili ijayo. Nimechoka kutazama na mtu anayekoroma. Ukilala leo, msimu mpya nautazama na mdogo wangu. Wewe utaenda kulala kitandani kama watu wengine. Sitakukasirikia. Ila sitakuita tena."

Sitakuita tena! Nimesoma matangazo ya vita yaliyojaa mihuri na matusi, na hakuna hata moja lililomchoma mtu namna ile. Ile saa ya Jumapili ndiyo iliyokuwa ndoa yao yote iliyobaki macho. Ikiondoka, zingebaki sahani zilizofunikwa. Shujaa alilijua hilo, akaogopa, na kwa kuwa aliogopa, akasimama juu ya zulia na kula kiapo.

"Sikilizeni, kuta za nyumba hii! Sikia, feni! Mimi niliyepigana na kunguni nikawashinda, mimi niliyechana vidole kwa waya wa springi bila kulia, leo naapa kwamba kope hizi hazitakutana mpaka malkia awe amerudi, ameketi, na amepumzika!"

"Kunywa maji kwanza," mkewe alisema. "Ninabonyeza."

Sasa yafahamuni mazingira ya vita. Kochi lile alilijaza yeye mwenyewe, mwaka wa ndoa, kwa sufi safi iliyochambuliwa kwa mkono, akamwambia bibi harusi, "Hapa hata mwenye jino bovu atalala." Hakujisifu bure. Tangu hapo hakuna mgeni aliyeketi pale akamaliza sentensi yake. Ndivyo fundi mkuu alivyomjengea adui yake ngome, akaiwekea na mito ya kuegemea. Naye alilijua hilo vizuri, ndiyo maana kabla ya kuketi alikwenda chumbani na kurudi na silaha aliyoificha kiganjani, nayo ni shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro.

Malango ya ngome yalifunguliwa. Usingizi ulituma kwanza kikosi cha tumboni, kile cha chakula cha mchana, kikapanda polepole hadi mabegani na kuanza kuyashusha. Shujaa alijinyoosha kama mlingoti, akajipiga mashavu, akatoa macho hata shemeji akamwuliza kama anabanwa na mfupa kooni. Kikosi kilirudi nyuma.

Ndipo ukaja uvamizi wa pili, wenye hila. Kwenye televisheni wazee wa baraza waliketi kujadili ngano. Walikuwa wengi, wana ndevu, na kila mmoja alianza kwa kumshukuru aliyetangulia. Feni ilizunguka, pazia lilipepea, mzee mmoja akasema "kama alivyonena mwenzangu," na shujaa akaona ndevu za mzee yule zikigeuka kuwa pamba, pamba nzuri, nyeupe, isiyo na mbegu, akanyoosha mkono aipime. Mkono ulishika sikio la shemeji.

"Wee!"

"Samahani, shemeji. Nilidhani wewe ni pamba ya daraja la kwanza."

"Ameanza kuota, dada. Si nilikuambia?"

Mkewe hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele, na mkono wake uliokuwa juu ya goti la mumewe aliuondoa, akauweka kwenye mapaja yake mwenyewe. Shujaa aliliona hilo. Alijikaza kisabuni, akauma midomo, akahesabu maua ya pazia, akajaribu kukasirikia karata. Lakini Usingizi ulikuwa umekwisha ita jeshi lake kuu, na jeshi hilo halina kelele. Lilikuja kama shuka iliyotoka kwenye jua. Shingo ilikwenda mrama, kidevu kikagusa kifua, vidole vikalegea, shazia ikamponyoka ikateleza kati ya mito, ikasimama wima. Na Mshona Magodoro, simba wa pamba, akazama taratibu katika sufi yake mwenyewe mpaka akaifikia ncha ya shazia.

Ukelele ule! Majoka yote ya misimu yote hayakuwahi kutoa mfano wake. Aliruka kutoka kochini kama aliyeitwa kwa jina, akatua katikati ya zulia, mikono yote miwili nyuma. Mke alisimamisha picha.

"Nini tena?"

"Hamasa, mke wangu! Nimeshikwa na hamasa!"

"Hamasa ya makalio?" shemeji aliuliza.

Mpima Macho alimtazama mumewe kwa muda. "Upo macho?"

"Nipo. Wallahi, sasa nipo kabisa."

Akaketi, kwa upande mmoja tu wa mwili kama yalivyomruhusu majeraha yake, na picha ikaendelea. Na hapo, baada ya miaka yote, akavuka lile shimo, akafika ng'ambo.

Hapakuwa na joka. Hapakuwa na parapanda wala bendera. Malkia alirudi kutoka vitani akakuta ngome nzima imelala, walinzi wameegemea mikuki yao, wapishi wamelala, mbwa wamelala. Alishuka farasini bila mtu wa kumshikia hatamu. Na pale kwenye ngazi za mlangoni ameketi mumewe, yule asiyejua kushika upanga, shuka begani na taa ndogo pembeni.

"Mbona hujalala?" malkia aliuliza.

"Ningelala," mumewe akasema, "ungemkuta nani?"

Basi. Akampokea kofia yake ya chuma, wakaingia ndani, mlango ukafungwa.

Shujaa alikuwa amejiandaa kwa mauaji. Alitarajia usaliti, moto, angalau mtu kutupwa mnarani. Aligeuka amwulize mkewe kama ni hayo tu, akamwona midomo yake inacheza, anasema maneno yale yale pamoja na waigizaji, bila sauti, na macho yamejaa machozi. Akaelewa kwamba kila mara, miaka yote, mkewe alipofika kwenye maneno hayo alimgeukia mtu wa pembeni yake, akaona kinywa wazi kinachokoroma. Akakumbuka na jioni zote ambazo mkewe alirudi kutoka kliniki akakuta sahani iliyofunikwa tu. Aibu ilimshika, aibu kubwa, na pamoja nayo akampenda mkewe mpaka kifua kikauma kuliko kule kwingine kulikokuwa kukiuma.

"Umeona?" mkewe aliuliza.

Ile hotuba ya ushindi, ambayo alikuwa ameitunga tangu alipokula kiapo na ilikuwa imewataja mababu, ilimpotea yote.

"Nimeona."

"Hebu nitazame." Akamshika kidevu, akamsogeza dirishani, akalikagua jicho moja, akalikagua la pili, kama anavyofanya kila siku kwa watu asiowajua. Yalikuwa mekundu. Yalikuwa na maji. Yalikuwa wazi. "Kweli umeona," alisema.

"Turudie hapo," mume akasema.

"Wapi?"

"Hapo mlangoni. Wewe umeiona mara nyingi, mimi ndiyo kwanza."

Shemeji alimtazama dada yake, akamtazama shemeji yake, akaanza kukusanya karata zake polepole, yeye ambaye kwa kawaida hukusanya vitu kwa kishindo. "Jumapili ijayo nina shughuli zangu," alitangaza. "Msinihesabu." Kuhusu karata yake, Mshona Magodoro hakubisha tena.

Basi pigeni vigelegele, enyi wote mliokaa mkasikiliza! Waandishi na waandike, wachongaji na wachonge, na wachonge kwa busara sehemu ile ya shazia. Wako walioteka miji, na miji hiyo imekwisha kusahau majina yao. Wako waliovuka majangwa wakakuta ng'ambo hakuna anayewangoja. Lakini huyu alishinda vita ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyevishinda baada ya kushiba, na siku ya ushindi wake haitafutika maadamu kuna makochi duniani. Picha ilirudishwa nyuma, malkia akashuka tena farasini, mume akasema tena maneno yake pale kwenye ngazi, na Mpima Macho alipogeuka pembeni, alimkuta mtu.