Omolo Bila Kovu

Jumatatu, 7 Machi 1955
Saad amefungua studio. Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na mlango wangu! Shauri Moyo hii ya Nairobi ilikuwa na mpiga picha mmoja, naye ni mimi. Hana pazia lililochorwa ngazi na maua. Hana saa ya kuwavalisha wateja. Ana ukuta, kiti na jua. Ameniambia, tena kwa adabu, kwamba zamani wapiga picha wa Ulaya na Amerika walitia ukungu na kukwangua filamu ili picha ifanane na mchoro, kisha wakachoka na hila hizo. Siku hizi, anasema, ustadi ni kuchagua mwanga, kungoja, na kuacha kila kitu kionekane kilivyo. Kayasoma kwenye majarida. Nimemjibu kwamba anayetaka kujiona alivyo ana kioo nyumbani.
Jibu zuri. Nimelirudia msikitini.

Jumatano, 9 Machi
Mpango. Nimemtuma mke wangu, Lela, akapigwe picha na Saad. Itatoka mbaya, nami nitaitundika mlangoni iwe onyo. Lela aliuliza nina hakika gani kwamba itakuwa mbaya. Nikasema hakika yangu ni juu ya Saad, si juu yake. Hakuniamini.

Ijumaa, 11 Machi
Picha imekuja. Mikunjo ya macho imo. Madoa ya ndui yamo yote, moja moja. Lela aliitazama muda mrefu, halafu akasema hajajiona tangu aolewe. Ameifungia sandukuni na ufunguo kauvaa shingoni.
Mlango wangu hauna onyo.

Jumamosi, 12 Machi
Ushindi! Omolo, jirani yetu anayefanya kazi ya reli, alikuwa kwenye foleni ya Saad akitaka picha ya pasi mpya ya kazini. Nilimvuta mkono mbele ya watu wote, nikamwahidi sura ya bwana harusi. Saad alikuwa akiipiga picha ile foleni yake, kwa majivuno. Omolo ana kovu kutoka jichoni hadi kidevuni. Mnyororo wa behewa ulimchapa. Alipoketi kitini kwangu alinyoosha kidole shavuni.
"Hii kovu wacha, Bwana Faki. Ndiyo watu wananijua nayo."
Aliona haya tu. Nimelifuta. Penseli laini juu ya filamu, polepole, kama nanyoa mtoto mchanga. Shavu nalo nimelijaza kidogo. Kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Jumanne, 15 Machi
Omolo aliitazama picha, akauliza huyu kijana ni wa nani. Lakini ofisini walikuwa wakiisubiri, akaondoka nayo. Karani, nasikia, aliibandika na kuigonga muhuri bila kuinua kichwa. Kama haijamshtua karani, imefaulu.

Alhamisi, 17 Machi
Msako wa Mau Mau alfajiri. Malori pande zote. Tulichuchumazwa uwanjani, mikono kichwani. Omolo alikuwa kando yangu. Ofisa aliitazama pasi, akamtazama Omolo, akaitazama tena pasi. Akasema mwenye pasi ni mtu mwingine, na akauliza ameiiba kwa nani.
Omolo hakunitaja. Alinigeukia tu. Nilitazama viatu vyangu. Akapandishwa lorini.

Jumamosi, 19 Machi
Apondi, mke wa Omolo, amekuja. Anataka tufuatane kambini alikofungwa nikaseme kwamba picha ile ni ya mumewe. Nilikuwa na mpango bora: kupeleka filamu yenyewe. Nikaishika kwenye mwanga. Upande mmoja wa uso ni penseli tupu. Wangeniita mghushi! Nikamwambia Apondi nina homa.
Ili nisiwe mwongo, nimelala. Lela hajaleta uji.

Jumanne, 29 Machi
Saad ameikuza ile picha ya foleni. Imo wazi, kali, mpaka kifungo kilichokatika shatini. Omolo yuko katikati na kovu lake lote. Apondi kaipeleka kwa msimamizi wa reli, na msimamizi kafuatana naye kambini.
Nami nimo. Nimemshika Omolo mkono, mdomo wazi. Sikupendeza hata kidogo. Angenipiga upande wa kushoto.

Jumatatu, 4 Aprili
Omolo amerudi. Amekonda. Mkono mmoja haupandi juu ya bega. Meno mawili ya mbele hayapo. Nafasi yake kapewa mtu mwingine. Itabidi aombe kazi upya, na ombi linataka picha. Nilivuka barabara kumpa pole. Alikuwa ameketi kitini kwa Saad. Apondi alisimama katikati yetu.
"Shemeji, rudi kwako."
Ana uchungu. Namwelewa.
Kutoka mlangoni kwangu nilimwona Omolo akifungua mdomo ili apumue. Pengo liko katikati kabisa. Sasa, meno ni rahisi kuliko kovu. Unapogusa filamu kwa penseli, picha hutoa weupe, na meno ni weupe mtupu. Akitabasamu kidogo, basi. Hatajua mtu.
Penseli nimeshaichonga. Nilimtuma Lela avuke amwambie Omolo kwamba picha hii itakuwa bure. Lela hajainuka kitini.
Nitakwenda mwenyewe.